Jenerali mwenye mkia wa nywele, na ufalme wa China uliorudi kwa siku 12

Swali lililoletwa ni hili, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nimesikia mwaka 1917 kuna jenerali mmoja wa China mwenye nywele ndefu kama mkia, aliingia Beijing akamrudisha mfalme mtoto kwenye kiti, na magavana wa majimbo walishamwahidi kwamba wako naye. Sasa ilikuaje akaangushwa ndani ya siku 12 tu? Na yule mtoto mwenyewe alikuwa anajua anachofanyiwa?"

Marahaba kijana wangu. Hukudanganywa, ni kweli tupu. Jenerali anaitwa Zhang Xun, mtoto anaitwa Puyi, na siku zenyewe ni kuanzia tarehe 1 mpaka 12 Julai 1917. Nitakujibu kwa urefu maana kisa hiki watu wanapenda kukisimulia kama kichekesho cha mzee aliyepitwa na wakati, wanacheka wanaondoka, na mimi kinaniumiza kikisimuliwa hivyo, kwa sababu hapo hawamwoni Zhang Xun mwenyewe, hawawaoni watu waliouawa na askari wake, na kubwa zaidi hawamwoni yule aliyebaki na mali baada ya moshi kutulia.

Tuanze na nywele, bila nywele hutamwelewa huyu mzee hata kidogo. Wamanchu waliotoka kaskazini mashariki waliichukua Beijing mwaka 1644, na mwaka uliofuata wakapiga amri kwamba kila mwanaume Mhan, yaani Wachina wale walio wengi, anyoe mbele ya kichwa na nyuma aache nywele ndefu azisuke mkia mmoja kama wanavyofanya Wamanchu wenyewe, asiyetaka anakatwa kichwa. Watu wakawa wanasema ukibakiza nywele hubakizi kichwa, ukibakiza kichwa hubakizi nywele, na wengi mno walikufa kwa kukataa. Kwa hiyo ule mkia ulianza kama alama ya kushindwa vita. Lakini miaka zaidi ya 260 sio mchezo, vizazi vimezaliwa humo vimezikwa humo, aibu ya babu imekuwa heshima ya mjukuu, na ufalme wa Qing, yaani huohuo wa Wamanchu, ulipoanguka mwanzoni mwa 1912 na mikasi ikaanza kutembea mijini kuna waliokata kwa shangwe na kuna waliokata huku wanalia. Zhang Xun hakukata kabisa. Na akapiga marufuku askari wake yeyote kukata, ndo maana jeshi lake lote likaitwa jeshi la mikia na yeye akaitwa jemadari wa mkia.

Hapa pana kitu ambacho wanafunzi wangu huwa wanashtuka nikiwaambia: Zhang Xun hakuwa Mmanchu. Alikuwa Mhan. Na wala hakutoka nyumba ya wakubwa, alizaliwa 1854 huko Fengxin, jimbo la Jiangxi, familia maskini, wazazi wakafa angali mdogo, akakulia kwenye nyumba ya matajiri akiwa mtumishi. Jeshi ndo lilimtoa. Alipigana mpakani mwa Vietnam kwenye vita vya China na Ufaransa vya 1884 na 1885, akapanda taratibu, akawa chini ya Yuan Shikai, jenerali mkubwa wa wakati ule, akawa kwenye ulinzi wa Cixi, yule mjane wa mfalme aliyekuwa ameishika nchi mkononi, wakati anarudi Beijing baada ya kukimbia majeshi ya kigeni. Hebu jiweke kwenye nafasi yake. Mtoto yatima aliyekuwa anatumwa maji na kuni kwa watu, leo anatembea karibu na gari la mtawala wa China. Kila alichonacho duniani, cheo, mali, jina, kimetoka kwenye mkono wa ufalme ule. Wasomi waliokuwa wanajadili katiba na jamhuri walikuwa na vitu vingine vya kujishikiza, yeye alikuwa na hicho tu.

Mapinduzi yalipoanza Oktoba 1911 kule Wuchang na majimbo yakawa yanaanguka moja baada ya jingine, Zhang Xun ndo alikuwa analinda Nanjing, na akapigana kweli, hakukimbia siku ya kwanza, wanamapinduzi waliupata mji mwanzoni mwa Desemba na yeye akarudi nyuma na watu wake mpaka Xuzhou, mji uliopo juu ya reli inayokwenda kaskazini Tianjin. Tarehe 12 Februari 1912 Longyu, aliyekuwa mama wa kifalme wakati ule, akatia muhuri tamko la kung'atuka kwa niaba ya Puyi, mtoto wa miaka sita tu. Makubaliano yalikuwa ya upole sana ukilinganisha na yaliyowapata wafalme wengine, mtoto anabaki na jina lake la kifalme, anaendelea kukaa ndani ya kasri, jamhuri inamlipa milioni nne kwa mwaka. Yaani mfalme hayupo lakini yupo, geti limefungwa na ndani watu bado wanasujudu. Jambo hilo lilimfanya Zhang Xun aendelee kuamini. Kwake yeye mfalme hakufa wala hakufukuzwa, amepumzishwa tu.

Nisije nikakuchorea malaika hapa. Mwaka 1913 majimbo ya kusini yalipomwasi Yuan Shikai, ambaye sasa ni rais, Zhang Xun alitumwa kuirudisha Nanjing, akaichukua tarehe 1 Septemba, na askari wake wakapora ule mji siku kadhaa, wakaua, wakabaka, nyumba zikabaki kuta. Kati ya waliouawa walikuwemo Wajapani watatu na Japani ikaja juu, ikabidi jenerali mwenyewe aende kwa balozi mdogo wao kuomba radhi. Wachina waliokufa mji uleule hakuna aliyekwenda kuwaombea radhi popote. Mtu akikwambia Zhang Xun alikuwa mwaminifu kubali, maana alikuwa mwaminifu, ila muulize mwaminifu kwa nani.

Baada ya hapo akaondolewa Nanjing, akapewa cheo cha ukaguzi wa mto Yangtze, na makao akaweka palepale Xuzhou.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali lako, zile ahadi za magavana. Yuan Shikai alijaribu kujifanya mfalme mwenyewe mwishoni mwa 1915, nchi ikamkatalia, akaachia Machi 1916 na Juni akafa. Rais akawa Li Yuanhong. Waziri mkuu ni Duan Qirui, jenerali mzito wa kaskazini. Li ana cheo hana jeshi, Duan ana majenerali nyuma yake, na bunge liko katikati linawachukia wanajeshi. Mwaka 1917 ugomvi ukawa ni vita vya kwanza vya dunia, vilevile ambavyo huku kwetu vilikuwa vinawabebesha babu zetu mizigo nyuma ya majeshi ya Waingereza na ya Mjerumani Lettow-Vorbeck. Duan anataka China iitangazie vita Ujerumani, na moja ya sababu ni kwamba vita vingemletea mikopo na silaha, rais anasita, bunge linasita. Mwezi Mei Duan akaona bunge linamchelewesha, kundi la watu wa kukodi likazingira jengo wakati wabunge wako ndani, ikawa fujo, na tarehe 23 Mei rais akamfukuza kazi Duan. Magavana wa kijeshi wakaanza kujitangazia uhuru mmoja mmoja, wa kwanza gavana wa Anhui, wakidai wanaandamana kwenda Beijing. Rais Li akabaki peke yake ofisini hana hata batalioni moja ya kutegemea.

Wakati huo Zhang Xun yuko Xuzhou, amekuwa mwenyeji wa mikutano ya magavana na wawakilishi wao tangu mwaka uliopita. Yeye ndo mwenye umri mkubwa, wanamwita kaka mkubwa, wanakula kwake, wanasikiliza hotuba zake za kurudisha ufalme. Na hawakatai. Inasimuliwa kwamba kwenye mkutano wa mwisho, mwezi Mei, waliweka saini kwenye kitambaa cha hariri ya njano, rangi ya mfalme, kukubali mpango, na kwamba mtu wa karibu kabisa wa Duan, Xu Shuzheng, alikuwepo na akaashiria kwamba mkubwa wake anachotaka ni rais Li aondoke tu, njia yoyote itakayotumika haimsumbui.

Isome tena hiyo kauli polepole, ukishaielewa hiyo umeelewa zile siku 12 zote. Hakusema Duan anataka ufalme. Alisema Duan anataka Li aondoke. Zhang Xun alisikia kile ambacho moyo wake ulikuwa unakisubiri miaka mitano, akadhani wamekubaliana. Wale wengine walikuwa na shida zao, huyu anataka bunge livunjwe, huyu anataka jimbo la jirani, huyu anataka deni lake lisahaulike, na wote waliona huyu mzee anaweza kufanya kazi chafu ambayo wao wakiifanya wataitwa wasaliti wa jamhuri. Kwa hiyo walimwachia aende. Mimi nikisoma nyaraka za kipindi kile sioni kama walimsaliti baadaye, naona hawakuwa naye tangu mwanzo, na tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu msaliti hubadilika na hawa hawakubadilika.

Rais Li naye, maskini, kwa kukosa pa kushika akamwita Zhang Xun huyohuyo aje awe mpatanishi! Juni 7 Zhang akapanda treni na askari kama elfu tano hivi, mikia mgongoni, akasimama Tianjin na kutuma sharti: bunge livunjwe kwanza ndipo nije. Waziri mkuu wa muda wakati ule alikuwa Wu Tingfang, mwanasheria, akagoma kabisa kutia saini yake kwenye amri ya kuvunja bunge. Wakamtoa, wakamweka mkuu wa ulinzi wa Beijing, Jiang Chaozong, akatia saini yeye, na bunge la China likaisha hivyo, tarehe 12 na 13 Juni. Tarehe 14 Zhang akaingia mjini. Mpaka hapo kazi ambayo Duan na wenzake waliitaka ilikuwa imeshafanyika nusu, na Duan hajachafua hata kidole.

Tarehe 16 alikwenda kasri kumwona Puyi. Puyi alikuja kusimulia mwenyewe utu uzimani siku hiyo, na anasimulia kama mtoto wa miaka 11 aliyeambiwa anakuja shujaa kisha akamwona anayekuja: mzee mnene, uso mwekundu, nyusi nene, shingo fupi, akawaza kwamba kama si masharubu angefanana na mmoja wa matowashi wa jikoni. Halafu akauangalia mkia, akaona kweli upo, umechanganyika mvi. Maongezi hayakuzidi dakika chache. Walimu wake walikuwa wamemfundisha aulize habari za jeshi la Xuzhou na asifu uaminifu wake, akafanya hivyo, na mzee akatoka amefurahi kuwa mfalme ana akili.

Kang Youwei alifika Beijing mwishoni mwa mwezi. Huyu ndo yule msomi wa mageuzi ya 1898, alikimbia nchi akaishi uhamishoni miaka mingi, na hakuwahi kuacha kuamini kwamba China inahitaji mfalme chini ya katiba, mfalme wa heshima asiye na mabavu. Alikuja na rasimu za amri za kifalme tayari ameshaziandika. Usiku wa Juni 30 Zhang Xun alikuwa kwenye ukumbi wa watu wa Jiangxi anaangalia opera, alivyotoka akawaita wakubwa wa ulinzi wa mji akawaambia linafanyika usiku huu, mnakubali au hamkubali, na wakakubali maana askari wake wameshazagaa mjini na milango ya ukuta wa mji ikafunguliwa wengine waingie.

Alfajiri ya Julai 1, kama saa tisa usiku, wakaingia kasri wamevaa nguo za zamani za baraza. Mtoto akaamshwa, akakalishwa kwenye kiti. Zhang akapiga magoti akasoma sababu, kwamba Longyu alikubali kuachia ufalme ili wananchi wasiteseke kwa ajili ya familia moja, lakini jamhuri imewatesa zaidi, jamhuri haiifai nchi yetu. Puyi akajibu alivyofundishwa na mwalimu wake Chen Baoshen, kwamba yeye ni mdogo mno, hana uwezo wala sifa. Zhang akamwambia Kangxi, mfalme mkuu wa ukoo wake, alikaa kwenye kiti akiwa mdogo zaidi yako. Mpaka hapo yote ni maneno ya kukariri, tamthilia kila mtu anajua sehemu yake. Ila mtoto akauliza la kwake: na yule rais itakuwaje, tutampa matunzo kama wao walivyotupa sisi, au? Swali la haki kabisa. Na Zhang Xun akamjibu kwamba Li Yuanhong mwenyewe ameshaandika barua kuomba kurudisha madaraka kwa mfalme, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Li hakuandika barua yoyote. Li alikuwa amelala.

Yaani ule ufalme ulirudi kwa uongo aliodanganywa mtoto, na waliomdanganya walikuwa wamepiga magoti mbele yake. Nimekaa na jambo hili miaka mingi na bado sijalizoea.

Asubuhi Beijing ikaamka inaambiwa leo ni mwaka wa 9 wa utawala wa Xuantong, ndo jina la kifalme la Puyi, polisi wanapita nyumba kwa nyumba watu watundike bendera ya njano yenye joka. Nani ana bendera ya joka miaka mitano baada ya ufalme? Mafundi wakawa wanazichora kwenye karatasi. Maduka ya nguo kuukuu yakatoa mavazi ya baraza yaliyokuwa yamelala kwenye masanduku, na wale waliokuwa wanakimbilia vyeo na walishakata nywele zao wakaenda kwa watengenezaji wa vifaa vya maigizo wakaomba wasukiwe mikia ya manyoya ya farasi. Puyi anayakumbuka haya yote, alikuwa anaona kasri ghafla limejaa watu wanaosujudu ambao hajawahi kuwaona.

Na hapo ndani makosa yakaanza papo hapo. Zhang alijigawia cheo cha juu kwenye baraza la kumwongoza mfalme, akajifanya pia gavana mkuu wa Zhili, ambao ndo ukanda wa Beijing na Tianjin wenyewe, kiti ambacho majenerali wa kaskazini walikuwa wanakiangalia kwa jicho la njaa. Wale wa hariri ya njano wakasoma orodha ya vyeo wakajiona wamebaki kuwa magavana walewale wa jana, mwenzao amekuwa mkubwa wao. Ndugu wa ukoo wa kifalme nao wakakatazwa kwa amri kuingilia siasa, wakanuna. Kang Youwei, mwenye rasimu, akapewa unaibu wa baraza la ushauri na katiba yake ikawekwa pembeni, maana wazee wa zamani hawakutaka kusikia habari ya katiba, walitaka 1900 irudi. Kwa hiyo ndani ya siku mbili Zhang Xun alikuwa amewaudhi wenye bunduki, wenye damu ya kifalme na wenye kalamu, wote kwa mpigo.

Rais Li alipewa cheo cha kikabaila cha daraja la kwanza. Akakataa. Ni mtu ambaye wanahistoria wanampa lawama nyingi za udhaifu, na anastahili baadhi, lakini siku ile alikataa kutia saini, akatoroka mpaka ubalozi wa Japani, na kabla ya kutoroka aliandika amri ya kumrudisha Duan kwenye uwaziri mkuu na kumwomba makamu wake, Feng Guozhang aliyeko Nanjing, ashike urais. Duan alipata alichokuwa anakitafuta, na amekipata kwa mkono wa rais halali mwenyewe.

Duan alikuwa Tianjin. Tarehe 3 Julai akasimama mbele ya askari huko Machang akajitangaza kamanda wa jeshi la kuwaadhibu waasi, mtetezi wa jamhuri. Aliyekuwa anamwandikia telegramu ni Liang Qichao, na hapa moyo unauma kidogo, kwa sababu Liang alikuwa mwanafunzi wa Kang Youwei, wote wawili walikimbia nchi 1898, sasa anaandika kwa kalamu ileile aliyofundishwa na kumpiga mwalimu wake bila kumtaja jina, anamwita msomi wa maneno makubwa asiye na haya. Yule gavana wa Anhui na wenzake waliokuwa Xuzhou nao wakatuma telegramu za kulaani ufalme, wengine ndani ya siku tatu nne.

Kuna hadithi inayosimuliwa sana China, na hata kama imekolezwa chumvi inaonyesha vizuri hali ilivyokuwa. Zhang aliacha sehemu kubwa ya jeshi lake Xuzhou chini ya msaidizi wake Zhang Wensheng, na walikuwa wamekubaliana maneno ya siri, akihitaji askari ataomba maua, kila chungu batalioni moja. Mambo yalipoharibika akatuma telegramu: leta haraka vyungu arobaini vya maua Beijing. Na msaidizi, aliyeshaona upepo unaelekea wapi, akamtumia kweli vyungu arobaini vya maua.

Mapigano yenyewe hayakuwa marefu, reli ya Tianjin ndo ilikuwa uwanja wa vita, Langfang kisha Fengtai, askari wa Duan ni wengi mara nyingi zaidi na wana mizinga, jeshi la mikia likarudi nyuma mpaka ndani ya mji. Ila kuna tukio moja usilipite. Ndege moja ya chuo cha urubani cha Nanyuan iliruka juu ya kasri la Beijing ikadondosha mabomu matatu madogo. Moja likamjeruhi mbeba machela nje ya lango, moja likaanguka kwenye bwawa la bustani ya mfalme, la tatu likaanguka juu ya paa la njia ambapo matowashi walikuwa wamekaa wanacheza kamari, halikulipuka. Puyi alikuwa darasani, walimu wakamkimbiza chumbani, matowashi wanateremsha mapazia ya mianzi, na wale wake wa wafalme waliopita, wanawake wazima wa heshima zao, wengine wakaingia chini ya meza. Kuta zile zimejengwa kuzuia wapanda farasi na mishale. Hakuna aliyewahi kufikiri adui atatokea juu.

Tarehe 12 Julai alfajiri jeshi la Duan likaingia Beijing. Wenye mikia waliokuwa Hekalu la Mbingu hawakuchukua muda wakapandisha bendera nyeupe, nyumba ya Zhang ikapigwa mizinga ikawaka moto, na mzee akatolewa kwa gari mpaka ubalozi wa Uholanzi. Kang Youwei alikimbilia kwa Wamarekani. Askari wakavua sare, na mitaani siku hiyo kulikuwa kumetapakaa mikia iliyokatwa, mikia halisi ya wanajeshi pamoja na ile ya manyoya ya farasi, watu wanaipita.

Duan alirudi kwenye kiti chake akiwa mwokozi wa jamhuri. Agosti 14 akaitangazia Ujerumani vita, kama alivyotaka tangu mwanzo. Bunge lililovunjwa na Zhang Xun, unadhani alilirudisha? Hakulirudisha. Alisema lile limekwisha, tuanze jingine. Sun Yat-sen, kiongozi wa wanamapinduzi, akakataa, akaenda Guangzhou na wabunge waliomfuata, Septemba wakaunda serikali yao, na China ikawa na serikali mbili, majenerali kila mmoja na jimbo lake, vita juu ya vita kwa miaka zaidi ya kumi. Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini Zhang Xun alianguka haraka hivyo, jibu langu ni kwamba kazi aliyoachiwa aifanye aliimaliza Juni 13. Zile siku 12 za Julai zilikuwa za kumpa Duan sababu ya kurudi, na hakuna mtu aliyekuwa na faida kuona zinafika 13.

Hata adhabu hakupewa. Alisamehewa 1918 akaishi Tianjin kwa utajiri mkubwa mpaka alipofariki, Septemba 1923.

Umeuliza pia kuhusu mtoto. Alijua na hakujua. Anasema zile siku sehemu ya muda alikuwa anaangalia amri zilizoandikwa kwa jina lake ambazo hakuziandika, na muda mwingine anaangalia sisimizi wake wanavyohama au anaagiza ngamia wa kasri watolewe nje wachezecheze. Alikuwa na miaka 11. Tarehe 12 wakamletea tamko jingine la kung'atuka, la pili maishani mwake, lawama zote zikabebeshwa Zhang Xun, na serikali ikamwacha aendelee kukaa kasri. Alifukuzwa 1924, na aliyemfukuza ni Feng Yuxiang, mmoja wa makamanda walioteremka ile reli kupigana na jeshi la mikia miaka saba nyuma.

Ila kabla ya hapo, Zhang Xun akiwa bado hai Tianjin na mkia wake wa mvi mgongoni, yule mtoto alikuwa ameshakuwa kijana, akaja mwalimu Mwingereza aliyekuwa anaikebehi ile mikia, na siku moja Puyi akaagiza mkasi, akakata mkia wake. Wale wake wa wafalme waliopita walilia, na ndani ya muda mfupi mamia kwa mamia ya wanaume wa kasri wakakata ya kwao. Walimu wawili watatu wa zamani hawakukata, na kule Tianjin mzee naye hakukata. Alipokufa Puyi akampa jina la heshima la kifalme, Zhongwu, maana yake mwaminifu na hodari wa vita, na likaandikwa na mtu ambaye nywele zake zilikuwa fupi.